Kilichobanduliwa na Patasi

Jiwe la rangi ya waridi lililopatikana Mwadui mwaka 1947 lilikuwa na uzito wa karati 54.5. Dakta John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada ambaye ndiye aliyeugundua mgodi huo mwaka 1940, alilitoa kuwa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Likapelekwa London likachongwa, na lilipotoka mikononi mwa wachongaji lilikuwa karati 23.6. Zaidi ya nusu ilikwenda na vumbi. Mwaka 1953 masonara wa Cartier wakalitia katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua.

Mwaka huo huo, katika mji huo huo wa London, kampuni ya Faber and Faber ilitoa kitabu cha picha kutoka nchi hiyo hiyo ya Usukuma, kiitwacho Wall-Paintings by Snake Charmers in Tanganyika, cha Hans Cory. Habari ya almasi imesimuliwa hata imechosha. Habari ya kitabu ni wachache waijuao, na wachache zaidi ndio wajuao kwamba kilikuja mwishoni mwa msururu mrefu wa vitabu vilivyoichora nchi hii ya Shinyanga na jirani zake tangu misafara ya pwani ilipoanza kuwabeba Wazungu wenye kalamu na rangi. Picha za vitabu hivyo bado zinazunguka. Zimo katika vitabu vya shule, katika kuta za mahoteli, katika majalada ya diwani zetu. Tunazitazama tukidhani tunawatazama babu zetu. Kabla hatujasema tunamtazama nani, yafaa tujue zilivyotengenezwa.

Tuanze na ubao. Katika karne ya 19, kabla ya mitambo kuweza kuchapa picha ya kamera pamoja na maandishi, picha nyingi za vitabu zilichongwa katika mti. Ulitakiwa mti mgumu, wenye kukua polepole, ambao nyuzi zake zimeshikana hata patasi ikipita upande wowote isiuchane. Ulikatwa kwa kukingama, kama mtu akatavyo kigogo cha kukalia, si kwa urefu kama ubao wa mlango wa Unguja. Kwa kuwa shina lake ni jembamba, picha kubwa ilihitaji vipande kadhaa vilivyoungwa pamoja. Uso wa ubao ulisuguliwa ukawa laini, ukapakwa rangi nyeupe nyepesi, kisha mchoraji akachora juu yake kwa penseli na wino, kinyumenyume, ili uchapaji ukiigeuza picha itokee sawa. Akisahau, mtu aliyeshika mkuki kwa mkono wa kulia hutokea kitabuni akiwa wa mashoto, na hakuna tena wa kumrekebisha.

Baada ya mchoraji akaja mchongaji. Kazi yake ilikuwa kuondoa kila palipo peupe na kuacha kila palipo na mstari, kwa patasi nyembamba kama sindano, mara nyingi akitazama kwa kioo cha kukuzia. Wino wa chapa hukaa juu ya kilichosalia. Na hapa ndipo penye jambo ambalo hulifikiri kila nifunguapo vitabu hivi: ule mchoro wa mkono, uliofanywa juu ya ubao, ulikufa ulipokuwa ukichongwa. Patasi iliubandua. Kilichobaki ni mistari ya mchongaji iliyofuata nyayo za mtu mwingine, naye huyo mwingine mara nyingi alikuwa akifuata karatasi ya mtu wa tatu aliyekuwako safarini. Mnakili wa tenzi zetu za kale, alipomaliza kazi, alijua kwamba nuskha aliyoinakili bado ipo sandukuni na kwamba yeyote anaweza kuzilinganisha. Mchongaji wa London hakuacha nyuma yake kitu cha kulinganishwa.

Jingine ni la weusi. Ubao haujui kijivu. Unajua wino na pasipo na wino. Kivuli cha shavu, mng'ao wa bega lenye jasho, tofauti ya mtu wa maji ya kunde na mtu mweusi ti, yote hayo hayana budi kugeuzwa mistari, minene au myembamba, iliyokaribiana au iliyoachana. Uso mweupe katika ubao hufanywa kwa mistari michache, nao huachiwa nafasi ya kuwa na pua yake na mashaka yake. Uso mweusi hufunikwa na wavu wa mistari, na kama mchongaji ana haraka, au analipwa kidogo, wavu huo unakuwa ule ule kwa kila uso. Ndiyo sababu watu wetu katika vitabu hivyo hufanana kama ndugu wa tumbo moja. Si lazima tuseme kila mchongaji alikuwa na dharau. Dharau ilikuwapo, tena nyingi, lakini mti wenyewe nao ulikuwa na ushauri wake.

Sasa tuje Usukuma. Mwezi wa Julai mwaka 1858 John Hanning Speke aliondoka Kazeh, yaani Tabora, akamwacha Richard Burton huko, akaenda kaskazini hadi akaliona ziwa karibu na Mwanza mwanzoni mwa Agosti. Burton, ambaye hakuliona ziwa hilo, ndiye aliyewahi kuandika kitabu, mwaka 1860, chenye picha za Unyamwezi, baadhi zake za rangi, ambazo kila rangi ilihitaji ubao wake peke yake. Speke akarudi tena Unguja mwaka 1860, safari hii akiwa na James Augustus Grant, na hapo ndipo picha zilipokuwa jambo kubwa.

Grant alikuja na kamera. Alipiga picha Unguja, na baadhi zimesalia. Lakini upigaji wa siku hizo ulikuwa adhabu. Kioo kilipakwa dawa, kikatiwa katika kamera kingali kibichi, kikatolewa na kuoshwa papo hapo, yote hayo ndani ya hema dogo lisilopenyeza mwanga wala upepo. Speke aliona kwamba joto la hema lile lingemuua mwenzake, akamwachisha. Basi Grant akashika brashi na rangi za maji. Hebu fikirini jambo hilo: lau bara letu lingekuwa na baridi kidogo, au hema lingekuwa na dirisha, huenda leo tungekuwa na nyuso za Wanyamwezi na Wasukuma wa mwaka 1861 kwenye vioo. Tunazo rangi za maji badala yake, na michoro mingi ya Grant imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Grant hakuwa msanii wa kutajwa pamoja na mabingwa, lakini alikuwa mtazamaji makini. Alikuwa akichora mmea kwa idadi ya majani yake.

Kitabu cha Speke kilitoka mwaka 1863 kwa Blackwood wa Edinburgh, na ukurasa wa jina unasema kwamba picha nyingi zimetokana na michoro ya Kapteni Grant. Neno hilo "zimetokana" lina mlango mpana. Aliyezichora upya kwa ajili ya kuchongwa ni Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1814 na kufanya kazi London hadi kufa kwake mwaka 1876, bingwa wa kuchora wanyama. Zwecker alikuwa na karatasi za Grant mezani na maneno ya Speke masikioni. Mahali penye nafasi tupu alijaza. Palipo na watu wawili aliweza kuweka umati. Alikuwa akifanya kile afanyacho mfasiri asiyewahi kuisikia lugha anayoifasiri ikisemwa, na mimi ambaye nimefasiri kwa kamusi tupu zaidi ya mara moja siwezi kumcheka.

Mojawapo ya picha hizo yamwonyesha Grant akicheza ngoma na Ukulima, mtemi wa Kinyamwezi aliyemkaribisha mwaka 1861 Speke aliporudi Kazeh kutafuta wapagazi. Huenda ndiyo picha yenye furaha kuliko zote kitabuni. Lakini itazameni kwa makini muone swali inalolificha: ikiwa Grant ndiye achezaye, ni nani basi aliyekuwa akichora? Hakuna aliyesimama pembeni na karatasi. Grant alijichora kwa kukumbuka, Zwecker akamchora Grant kwa kuambiwa, mchongaji akamchonga Grant kwa kufuata mstari. Ukulima naye akasafiri katika mikono hiyo mitatu bila kuulizwa lolote. Grant alikuwa na nafasi ya kulifungua jalada na kusema, "Hapa pua yangu imekosewa." Ukulima hakuletewa nakala.

Kuna picha moja katika kitabu hicho ambayo yatuhusu sisi watu wa visiwani kuliko zote, nayo haikutoka kwa Zwecker. Speke alipofika Cairo mwaka 1863 alikuwa na watu waliosalia naye, wanaume kumi na wanane na wanawake wanne, na mkuu wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India akiwa mtoto na kurejea Unguja akiwa huru. Aliwaita Waaminifu wake. Huko Cairo walipigwa picha, na Speke akampa Bombay nakala tatu za picha ya wanaume na tatu za picha ya wanawake, awape mabalozi wa Uingereza walioko Suez, Aden na Unguja, ili watu hao watambulike njiani na wafikishwe kwao. Maana yake ni kwamba karatasi ile ilikuwa hati ya kusafiria. Kabla haijawa pambo la kitabu ilikuwa kinga ya watu ambao, katika bandari za Bahari ya Shamu za zama zile, wangeweza kukamatwa na kuuzwa tena. Picha ya wanaume ilichongwa pia ubaoni ikatiwa mwishoni mwa kitabu. Msomaji wa Edinburgh aliiona kama kumbukumbu ya watumishi wema. Balozi wa Aden aliitazama akihesabu nyuso. Sijui picha nyingine ya kitabu cha safari iliyobeba uzito kama huo, na ningependa siku moja kuiona imetundikwa Forodhani ikiwa na maelezo yake kamili. Baadhi ya watu waliomo humo walirudi bara na Henry Morton Stanley mwaka 1871, Bombay akiwa nahodha wao tena.

Ubao uliokwisha kuchongwa haukuchoka upesi, kwani kwa nguvu za umeme waliweza kutengeneza nakala yake ya shaba na kuihifadhi asili. Nakala hizo ziliuzwa toka nchi hadi nchi, au picha ikachongwa upya na wengine. Kitabu cha Speke kilitoka kwa Kifaransa kwa Hachette mwaka 1864. Na Wafaransa tayari walikuwa na hamu ya bara letu kwa sababu nyingine: mwaka 1863 Jules Verne alitoa hadithi ya puto linaloruka kutoka Unguja kwenda magharibi. Puto lile latua Kazeh, na watu wa huko, kwa ilivyosemwa na Verne, wanalidhania mwezi. Toleo lenye picha lilifuata mwaka 1865, wachoraji wakiwa Riou na Montaut. Basi Tabora ikachorwa kwa ajili ya hadithi ya kubuni kwa ufundi ule ule, mistari ile ile, karatasi ile ile kama Tabora ya wasafiri. Mtoto wa Paris aliyevipanga vitabu hivyo viwili rafuni angejuaje kipi ni cha macho na kipi ni cha ndoto?

Stanley alilijua soko hilo vizuri mno. Mwaka 1872 alirudi Uingereza na mtoto aliyepewa Unyanyembe, jina lake la kwanza Ndugu Mali, ambaye Stanley alimbadilisha akamwita Kalulu. Wakapigwa picha pamoja London katika studio ya London Stereoscopic, Stanley katika mavazi ya msafara na mtoto akiwa nyuma yake, na picha zikauzwa kama kadi. Hiyo ni kamera, hakuna mchongaji wa kulaumiwa, na bado ni uongo zaidi ya ubao wowote wa Zwecker: Unyanyembe imetengenezwa kwa pazia la studio na mtoto amepangwa asimame pale alipoambiwa. Mwaka uliofuata Stanley akaandika hadithi ya kubuni yenye jina la Kalulu. Mwaka 1877 mtoto huyo, sasa kijana, alikufa maji katika maporomoko ya mto Kongo, na Stanley akayapa maporomoko jina lake.

Safari hiyo ya mwisho ya Kalulu ndiyo iliyopita karibu na Mwadui. Februari 1875 msafara wa Stanley ulivuka bonde la Manonga, ukapita Usiha, ukafika Kageye kando ya ziwa tarehe 27. Stanley alibeba kamera, na katika kitabu chake cha mwaka 1878 baadhi ya picha zina maneno machache chini yake yasemayo kwamba zimetokana na picha iliyopigwa na mwandishi. Maneno hayo ni ya kweli na ni ya kupotosha kwa pamoja. Kamera ya siku hizo ilitaka watu watulie. Haikuweza kumkamata mtu anayekimbia, wala mkuki ulio hewani. Kwa hiyo picha tulivu, za vijiji na za mashua, huenda zilitoka kwenye kioo, na picha za vita zote zilitoka kwenye kichwa cha mchoraji wa London. Lakini mchongaji alizichonga zote kwa mkono mmoja, na kitabu kikazifunga pamoja, ushahidi wa zile ukaziazima hizi heshima.

Miaka ya 1880 na 1890 ufundi wa ubao ulikufa. Mitambo iliweza kugeuza picha ya kamera kuwa vidoti vidogo vinavyoshika wino, na mchongaji akafunga duka. Oscar Baumann, Mwaustria aliyekuja kuwa konsuli wa nchi yake hapa Unguja na aliyeandika pia juu ya Pemba na Mafia, alipita Meatu na Usukuma mwaka 1892. Kitabu chake cha mwaka 1894 kina picha 27 za ukurasa mzima na nyingine nyingi ndogo, za mitambo hiyo mipya. Mtu angetarajia kwamba sasa mkono wa tatu umeondoka. Haukuondoka. Ukurasa wa jina unawataja Rudolf Bacher na Ludwig Hans Fischer, walioandaa picha kutokana na kamera na michoro ya mwandishi. Angalau waliandikwa majina.

Ndipo turudi kwa Hans Cory. Naye alikuwa Mwaustria, mzaliwa wa Vienna wa mwaka 1888, aliyetwaa jina fupi la Cory badala ya Koritschoner na kuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya Tanganyika hadi karibu na kufa kwake mwaka 1962. Mwaka 1946 aliandika makala juu ya Buyeye, chama cha siri cha wacheza nyoka wa Usukuma, na miaka saba baadaye kikaja kitabu. Bayeye ni waganga wa sumu. Hukamata nyoka, hujua dawa za kuumwa, na hucheza nao hadharani katika mashindano ya ngoma. Lakini elimu yao yenyewe ilifundishwa ndani, katika nyumba ambayo asiye mwanachama haingii, na juu ya kuta za ndani za nyumba hiyo zilichorwa kwa rangi za udongo nyoka, watu na viumbe wa visa vya chama. Mwanafunzi aliketi mbele ya ukuta akafundishwa.

Kwa mara ya kwanza, basi, katika msururu huu wote, mchoraji wa awali ni mtu wa nchi. Hakuna Grant wala Zwecker. Mistari ya Bayeye haikujali kivuli wala umbali, nayo haikumwomba radhi mtu wa London. Nikiitazama naona mkono ulioamua kabla ya kugusa ukuta. Lakini zingatieni pia kilichotendeka. Nyumba za udongo haziishi: mvua mbili mbaya, mchwa, na ukuta umeshuka. Picha zilifanywa zife na nyumba, kisha zichorwe tena katika nyumba nyingine na mkono mwingine uliofundishwa. Tena zilifanywa zisionwe. Kitabu kiliziondolea mauti na siri kwa siku moja. Mtu yeyote mwenye pesa angeweza kununua dukani London kile ambacho kijana wa Kisukuma alikitolea ada na kiapo.

Wapo watakaosema Cory aliiba, na wapo watakaosema aliokoa. Mimi nasema kitabu kile ni cha thamani na kina upungufu mmoja mkubwa, ambao watu wa pwani tunaujua kwa sababu tumeuonja: ni utenzi ulioandikwa bila mahadhi. Cory alieleza visa, na alieleza kwa bidii. Ila ukuta ule ulikuwa na sauti ya mwalimu pembeni yake, na nyimbo, na maswali ya kumjaribu mwanafunzi, na vyote hivyo vilibaki nje ya karatasi kama vumbi la almasi sakafuni.

Tofauti na ubao wa Zwecker, hapa patasi haijamaliza kazi. Nyaraka za Cory ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wacheza nyoka bado wapo. Hucheza Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement, wakati wa sikukuu ya Bulabo kila mwezi wa Juni, na hucheza vijijini pasipo mtalii. Kitabu cha mwaka 1953 ni chepesi. Basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam laweza kukifikisha Shinyanga usiku wa siku hiyo hiyo. Kesho yake mtu akae na mzee wa Buyeye anayekubali, amfungulie picha ya kwanza, amuulize ni ipi aruhusiwayo kuizungumza na ni ipi aifunike kwa kiganja, na aandike jibu lake kwa Kisukuma kwanza.